Sabuni Inayouma

Kinyozi wa karibu na soko hakuja na maneno mengi. Aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya kukatia, akaufungua mdomo ili yaliyomo yaonekane, kisha akajitenga nao kama mtu aliyemrudisha paka aliyemkwaruza. Ndani mlikuwa na vipande vya sabuni, vingine vimetumika hadi kuwa vyembamba, vingine bado na kingo zake.

"Bi Povu," alisema, "mimi kazi yangu ni kunyoa ndevu. Sabuni yako siku hizi inanyoa na ngozi."

Mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Bi Povu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Hakuinuka. Alikuwa amekwisha kusikia malalamiko ya namna hiyo kutoka kwa wateja wengine, na kila lalamiko lilimkuta akiwa na nguvu pungufu ya kulijibu.

"Wameungua?" aliuliza.

"Mmoja ameniuliza kama nimempaka maji ya betri. Nikamwambia ni jua. Nimekusitiri, lakini mteja aliyenyolewa jioni nitamwambia ni jua la wapi?"

"Nitakutengenezea nyingine."

"Tengeneza, dada yangu. Ila safari hii anza kujipaka wewe." Alifika mlangoni, akageuka. "Halafu kuna jambo jingine. Yule aliyevimba kidevu ni shemeji yako."

Hapo ndipo Bi Povu alipofumba macho.

Ili uzito wa habari hiyo ueleweke, lazima ijulikane chumba kile kilikuwa cha nani. Kilikuwa stoo nyuma ya nyumba ya familia ya marehemu mumewe: dirisha la wavu, sakafu yenye mteremko kuelekea tundu la maji, rafu za mbao kutoka ukuta huu hadi ule. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ni muuza saruji, alimpa chumba hicho baada ya mazishi kwa kauli ya mdomo, na kwa kauli hiyo hiyo ya mdomo angeweza kukitwaa. Hivyo ndivyo wajane wengi wanavyoishi miongoni mwetu: kwa hisani, si kwa haki, na hisani hupimwa upya kila asubuhi ambayo mwenye nayo ameamka vibaya. Hapo awali Bi Povu alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu, na kazi ile ilimla mgongo hadi akawa hawezi kuinamia beseni bila kushika ukuta. Chumba kikienda, sabuni imekwenda. Sabuni ikienda, lilibaki beseni, na mgongo wa beseni hakuwa nao tena.

Sabuni aliyoitengeneza ni ile isiyopikwa. Kostiki, ile chumvi kali ya viwandani inayounguza nyama ya mtu, huyeyushwa katika maji hadi maji yenyewe yachemke bila moto. Maji hayo yakipoa humiminwa katika mafuta ya mawese na ya nazi yaliyoyeyushwa, kisha mchanganyiko hukorogwa mpaka uwe mzito kama rangi ya ukutani. Ndipo unapomwagwa katika fremu za mbao, ukafunikwa blanketi, ukakatwa siku inayofuata na kupangwa rafuni wiki nyingi ili ukomae. Kazi hii alifundishwa na mama yake mdogo, na pamoja na kazi alirithishwa kipimo: kopo la bati lililowahi kuwa na maziwa ya unga. Kopo moja la kostiki, lililojaa na kusawazishwa kwa kisu, kwa ndoo moja ndogo ya mafuta. Mama mdogo hakuwa na mizani, wala waliomfundisha yeye hawakuwa nayo. Wanawake wote wa kazi hii mtaani walipima kwa makopo, kila mmoja na lake, na kwa miaka mingi hakuna aliyeungua.

Kisha sabuni ikaanza kumgeuka.

Kundi la kwanza lilipasuka juu kama tope lililokauka, na kisu kilipopita, vipande vilimeguka badala ya kukatika. Bi Povu alilaumu mafuta ya mawese, akabadilisha muuzaji wa mafuta. Kundi lililofuata lilitoka na unga mweupe usoni. Akalaumu maji ya bomba, akaanza kukinga ya mvua. Lilipotoka jingine gumu kama kigae, na ukiligusa kwa ncha ya ulimi linakupiga kama betri ya tochi, alilaumu manukato, akayaacha. Akalaumu blanketi, akaliondoa. Akalaumu joto, akaacha mafuta na maji ya kostiki vipoe sana kabla ya kuvichanganya. Kundi hilo la mwisho lilikuwa baya kuliko yote. Mafuta, kwa kuwa yalikuwa yamepoa mno, yaliganda yenyewe katika ndoo; yeye akadhani yameungana na kostiki, akayamwaga katika fremu. Kesho yake alipokata alikuta ndani vijishimo vimejaa maji makali, na maji mengine yamekwisha kuchuruzika mezani na kula rangi ya mbao.

Mtu aliyechoka hufanya kosa lenye sura yake maalumu: hubadilisha kila kitu kwa mpigo, kwa sababu hana tena nguvu ya kubadilisha kimoja kimoja na kusubiri jibu. Kwa hiyo hata akikaribia ukweli hawezi kuutambua, na kila tiba huzaa ugonjwa wake.

Mama mkwe, ambaye chumba chake kilitazamana na mlango wa stoo, aliyashuhudia yote hayo akiwa kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa mwanamke mzee mwenye miguu mibovu na ulimi mzima.

"Umebadilisha mafuta," alisema jioni ile baada ya kinyozi kuondoka, "umebadilisha maji, umebadilisha manukato. Naona sasa nimebaki mimi. Utanibadilisha lini?"

"Wewe huuzwi dukani, mama."

"Ningeuzwa ungenirudisha."

Bi Povu alicheka kidogo, kicheko cha puani tu.

Shemeji alikuja kabla ya kiza kuingia. Alikuwa amejipaka mafuta ya mgando kidevuni, na vumbi la saruji lilikuwa limekaa katika nyusi na katika nyufa za vidole vyake. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akazitazama rafu zilizojaa sabuni isiyouzika.

"Shemeji," alianza, "mimi si mtu mbaya."

"Sijasema, shemeji."

"Nimekupa chumba, sikuuliza kitu. Lakini leo nimekaa kwenye kiti cha kinyozi mbele za watu, nikapiga kelele kama mtoto anayechomwa sindano. Mimi! Wakauliza sabuni ya nani. Wakaambiwa ni ya nyumbani kwangu mwenyewe."

"Nisamehe."

"Kusamehe nimesamehe. Ila nina saruji inanyeshewa kule dukani, na humu ndani umejaza mawe." Aligonga rafu kwa kidole. "Jumamosi nitakuja. Nikikuta sabuni ya kuogea mtu, kaa. Nikikuta haya mawe, nitaomba ufunguo."

"Jumamosi hii?"

"Ndiyo. Nyingine ipi?"

Mama mkwe alitoa sauti kutoka kwenye kiti chake. "Kidevu chako kimeumbwa kwa karatasi au?"

"Mama, usiingilie."

"Nimekuzaa, nimekwisha kuingilia."

Lakini Jumamosi haikubadilika, na kila mtu aliyeijua kazi ile angejua kwamba ilikuwa hukumu. Sabuni isiyopikwa haitengenezwi leo ikaogewa Jumamosi. Hata lile kundi ambalo lingefanikiwa kwa muujiza lingehitaji kukaa rafuni mpaka ukali wake uishe na maji yake yakauke. Mwenye chumba hakulijua hilo, wala hakuuliza. Ndiyo tabia ya wenye vyumba: hupanga muda wa kazi ambayo hawajawahi kuitia mkono.

Asubuhi yake Bi Povu alianza kupima tena, si kwa matumaini bali kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Alivaa glovu, akafunga kitambaa puani, akafungua mfuko wa kostiki. Mshonaji wa nyumba ya pili, rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa amekuja kuomba kipande cha sabuni ya kuchorea mistari ya kukatia nguo.

"Chukua chochote," Bi Povu alimwambia. "Hapa pana sabuni ya kuchorea dunia nzima."

Mshonaji alichagua kipande, akachungulia mfukoni. "Mbona hii iko kama mtama? Si ulikuwa unatumia ile ya magamba?"

"Muuza kemikali ameacha kuuza ya magamba. Anasema ni ileile, imebadilika sura tu."

"Tangu lini?"

Bi Povu alifikiri. Alifikiri polepole, kwa sababu siku hizo hata kufikiri kulimtaka apumzike katikati. "Tangu... kabla kidogo ya kundi lile lililopasuka."

"Na unapima kwa kopo."

"Kwa nini nisipime kwa kopo?"

Mshonaji alisugua kile kipande cha sabuni kwa kidole gumba. "Mimi nina kopo la vifungo na kopo la shanga. Makopo ya aina moja, yote yamejaa. La vifungo nalinyanyua kwa vidole viwili. La shanga likiniangukia mguuni siendi kazini. Vifungo vinalala kiubavubavu, vinaacha hewa kati yao. Shanga haziachi hata pa kupitisha sindano."

Bi Povu aliweka kopo chini. Aliketi juu ya ndoo akilikodolea macho, hata mshonaji akadhani amemkosea.

"Dada, nimesema vibaya?"

"Hapana. Nimekaa tu."

Chini ya meza kulikuwa na ndoo yenye kifuniko cha kubana, na ndani yake mabaki ya kostiki ya zamani, ile ya magamba, ambayo aliyaweka akiba akayasahau. Walijaza kopo moja la magamba, wakalimimina katika mfuko. Wakajaza kopo lilelile kwa kostiki mpya, wakalimimina katika mfuko mwingine. Kisha walikwenda kwa muuza nafaka wa mtaani, wakamwomba wapime. Muuza nafaka alisita kwanza, akisema mizani yake ni ya chakula. Bi Povu alitandika gazeti juu ya sahani ya mizani, akaahidi kuifuta kwa siki. Mfuko wa magamba uliusukuma mshale hadi mahali fulani. Mfuko wa punje uliusukuma mbele zaidi, mbele sana, hata muuza nafaka akainama kuuangalia.

"Huu umezidi kwa karibu robo," alisema. "Ningewapimia wateja hivi ningekwisha kufunga duka."

Kwa hiyo hapakuwa na mafuta mabaya. Hapakuwa na maji mabaya, wala manukato, wala blanketi. Kila kundi lilikuwa limepewa kostiki kupita kiasi ambacho mafuta yangeweza kumeza, na ile iliyobaki ilikaa ndani ya sabuni ikisubiri ngozi ya mtu.

Bi Povu hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa muuza kemikali, duka lenye milango ya bati na harufu ya rangi, ambako watu hununua gundi, dawa ya kufulia, tindikali ya kusafishia vyoo na kostiki, vyote katika mifuko ileile myeupe isiyo na neno. Mwenye duka alikuwa akinywa chai.

"Mama Sabuni! Karibu. Leo ngapi?"

"Leo sinunui. Nimekuja kuuliza. Kostiki yako umeibadilisha."

"Sijabadilisha. Imekuja ya punje. Kostiki ni kostiki, mama. Kuna chumvi ya mawe, kuna chumvi ya unga. Si zote chumvi?"

"Na nikitia kijiko cha ya mawe na kijiko cha ya unga, mchuzi utakuwa mmoja?"

Alicheka. "Wewe ungekuwa wakili."

"Kungekuwa na maandishi kwenye mfuko, nisingehitaji wakili."

"Maandishi yapo." Alionyesha kwa kikombe uwani nyuma ya duka, ambako magunia matupu yalikuwa yamerundikwa juu ya taka. "Yako kwenye gunia kubwa. Mimi nagawa kwenye mifuko midogo."

Bi Povu alikwenda uwani, akalivuta gunia moja kutoka kwenye rundo. Yalikuwepo kweli. Jina la kitu, umbo lake, uzito wake, onyo kwamba kinaunguza macho na ngozi, na picha ya mkono unaoliwa na tone, iliyochorwa makusudi kwa ajili ya asiyejua kusoma. Kiwanda kilikuwa kimetimiza wajibu wake hadi hapo. Maonyo yale yalisafiri umbali wote ule, yakafika mpaka mlango wa nyuma wa duka, na hapo, hatua chache kabla ya kumfikia mtu aliyeyahitaji, yakatupwa pamoja na maganda.

Naandika haya kwa hasira na sioni sababu ya kuificha. Tumezoea kusema kwamba watu wa hali ya chini huungua kwa ujinga wao. Si kweli. Huungua kwa sababu maarifa yaliyokwisha kulipiwa, kuandikwa na kuchapishwa kwa ajili yao huchanwa njiani na mtu asiyetaka usumbufu wa kalamu. Sumu ikiuzwa katika mfuko mtupu kama sukari, aliyeifunga ndiye mkosaji, hata kama anatabasamu na kukukaribisha chai. Na wanaopaswa kukagua maduka hayo hupita mbele yake kila siku. Naye huwakaribisha chai ileile.

"Andika kwenye mifuko," Bi Povu alimwambia aliporudi mbele. "Andika tu 'kostiki, punje'. Na chora hiyo picha."

"Nani atasoma, mama?"

"Mimi."

"Wewe umekwisha kujua."

"Na yule atakayekuja baada yangu?"

Mwenye duka aliinua mabega, akamgeukia mteja mwingine. Bi Povu alisimama pale kidogo zaidi, akitafuta ndani yake ile nguvu ya kupiga kelele, akaikosa. Ilikuwa imeisha katika ndoo, wiki baada ya wiki. Alilikunja gunia lile tupu, akalitia kwapani, akatoka.

Kujua chanzo hakukumpa sabuni ya Jumamosi. Hilo lilimjia njiani, na likampunguzia hatua. Kundi jipya lisingekomaa kwa wakati. Kilichokuwepo ni yale mawe ya rafuni, na njia ilikuwa moja, ile ambayo kila mtengeneza sabuni huichukia: kuyakwangua yote, kuyarudisha jikoni, kuyayeyusha kwa moto mdogo na kuyaongezea mafuta yale yaliyokosekana, ili kostiki iliyozidi ipate cha kumeza. Sabuni iliyopikwa hivyo haipendezi. Hutoka na mabonge, rangi yake huwa kama ya udongo, na haikubali kukatwa vizuri. Lakini moto humaliza kazi ambayo rafu huhitaji wiki nyingi kuimaliza.

Alianza kukwangua Alhamisi mapema. Alifungua dirisha na mlango, akajifunga kitambaa usoni maana vumbi la sabuni ile liliwasha koo, akaketi na kikwangulio katikati ya magoti. Kufikia mchana alikuwa amemaliza rafu ya chini tu, na bega lake la kulia lilikuwa limeacha kuuma likaanza kutetemeka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kiti cha plastiki kilikwaruza sakafu. Mama mkwe alikuwa amejikokota nacho hadi mlangoni, akiegemea mgongo wa kiti kama gari la kusukuma.

"Nipe hicho."

"Mama, kitakuunguza."

"Kitaunguza nini? Ngozi hii imekwisha kuwa kiatu. Nipe glovu, nipe na hicho kitambaa, nijifunge kama mwizi."

"Mama..."

"Wewe unadhani akichukua chumba hiki, mimi nitabaki nikitazama nini kutwa? Mifuko ya saruji? Saruji haina hata umbea."

Wakakwangua pamoja. Mzee aliimba kidogo, akaacha, akalaani kikwangulio, akaendelea. Walipofika kwenye rafu ya juu, palipokuwa na lile kundi lenye vijishimo vya maji, Bi Povu alilisukuma kando.

"Na hizo?"

"Hizo hapana."

"Si nazo ni mawe kama wenzake? Zitajaza sufuria. Mwanangu anapenda kuona vingi."

"Zile nyingine najua kostiki imezidi kiasi gani. Hizi zilivuja. Iliyotoka sijui, iliyobaki sijui. Nikitia mafuta nitakuwa nabahatisha kwenye ngozi ya mtu."

"Jumamosi haiko mbali, mkwe wangu."

"Naijua iliko."

Mzee alimtazama, kisha akarudi kwenye kikwangulio chake. Kundi lile lilikwenda kwenye ndoo ya kutupwa, na rafu ya juu ikabaki wazi. Rundo lote lililokusanywa lilipungua hivyo mbele ya macho yao, siku ileile ambayo wingi ungeweza kuwaokoa. Na hakuna aliyempigia makofi.

Ijumaa alipika. Aliazima mizani ya muuza nafaka, akapima chenga za sabuni, akapima mafuta ya nazi ya kuongeza, akaanza na kidogo. Sabuni ililegea taratibu katika sufuria, ikawa bonge, ikawa gundi, ikawa kitu kizito cha kung'aa ambacho mwiko ulisimama ndani yake peke yake. Alichota kidogo, akakipoza, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kikampiga. Akaongeza mafuta, akakoroga, akangoja. Kikampiga tena, lakini kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Akaongeza tena. Alikuwa akikoroga kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameuegemeza ukutani, na mara mbili alijikuta amesinzia amesimama, mwiko umetulia. Mara ya mwisho alipojaribu, ulimi wake ulikuta ladha ya sabuni tu, ile ladha mbaya ya kawaida. Hakuamini. Alimpelekea mama mkwe.

"Lamba, mama."

"Ndiyo heshima mliyobaki nayo hii? Kumlisha mzee sabuni?"

"Gusa tu."

Mzee aligusa, akatema uwanjani, akasubiri. "Chafu," alisema. "Lakini haiumi."

Wakaishindilia katika fremu kwa kijiko.

Jumamosi shemeji alikuja na vijana wawili na mkokoteni, ambao aliuacha njiani nje ya geti. Mkokoteni huo ulisema mengi kuliko yeye. Alisimama kizingitini kama mara ya kwanza. Rafu zilikuwa zimekaribia kuwa tupu; juu ya meza kulikuwa na vipande vya sabuni vya rangi ya udongo, vyenye mabonge, pembe zake hazilingani.

"Hii ndiyo sabuni?"

"Ndiyo, shemeji."

"Mbona mbaya hivi?"

"Ni mbaya kwa macho. Nilikuwa nauza nzuri ya kuunguza."

Alimweleza: magamba na punje, kopo, mfuko usio na maandishi. Alimwonyesha gunia, na kidole chake kikapita chini ya maneno polepole. Shemeji aliyasoma. Yeye mwenyewe aliuza vitu vya mifuko, na kila mfuko wake wa saruji ulikuwa na maandishi. Pengine ndiyo sababu alisoma hadi mwisho.

"Kwa hiyo kosa ni la muuza kemikali."

"Kidevu chako kiliunguzwa na sabuni yangu. Sitaki kusema ni ya mtu mwingine."

Shemeji alijikuna shingo. Kisha, bila kuombwa, alikwenda kwenye bomba la uani na kipande kimoja mkononi. Watu wa saruji wana mikono ambayo haina pa kujificha: nyufa zake huingia ndani kabisa, na chochote kikali huzipata zote. Bi Povu alilijua hilo. Alisimama akishika ukingo wa meza, akimtazama mgongoni, na kila tone la maji alilisikia. Povu lilikuja kidogo, zito. Shemeji alisugua viganja, akasugua katikati ya vidole, akangoja; akainua mikono, akaigeuza juani.

Hakupiga kelele.

"Haina harufu," alisema hatimaye.

"Haina."

"Na ni chache."

"Nyingine nimezitupa."

"Umezitupa kwa nini?"

"Sikuwa na hakika nazo."

Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayehesabu jambo lisilo na tarakimu. Nje ya geti mmoja wa vijana alipiga mluzi wa kuharakisha.

"Sasa saruji nitaiweka wapi?" alisema, na hakuwa akimwuliza yeye.

"Weka chumbani kwako," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ulale nayo. Haikoromi."

"Mama, tafadhali."

"Humu ndani kuna mvuke wa sufuria, itaganda yote ndani ya mifuko. Hata mimi najua, na mimi sijauza hata mfuko mmoja."

Shemeji alijifuta mikono kwenye suruali. Hakusema kwamba amekosea, wala kwamba amekubali. Watu wenye vyumba hawana maneno hayo. Alisema, "Basi. Lakini nikisikia mtu mwingine amechunika, shemeji, nisisikie kwa kinyozi. Nisikie kwako."

"Utasikia kwangu."

"Na ufunguo wa akiba nitakaa nao."

"Kaa nao."

Akaondoka na kile kipande cha sabuni mkononi. Mkokoteni ulisikika ukigeuzwa, ukagonga geti, ukaenda. Chumba kilikuwa kimebaki, kwa hisani ileile, kwa kauli ileile ya mdomo, pasipo karatasi wala shahidi ila mzee mmoja mwenye miguu mibovu. Na katika duka la milango ya bati, asubuhi hiyohiyo, kuna mwanamke mwingine aliyekuwa akikabidhiwa mfuko mweupe usio na neno.

Bi Povu alirudi ndani, akaketi juu ya ndoo. Mama mkwe alimwita kwamba chai inapoa. Akasema anakuja. Mzee akaita tena, akanyamaza, akanyoosha shingo kuchungulia: mkwe wake alikuwa ameegemeza kichwa kwenye rafu tupu, glovu moja bado imo mkononi, amelala.

"Mwacheni," mzee alisema, ingawa hapakuwa na mtu mwingine uani.